Kifungo cha Nje: Kwa Nini Wengi Hawakiamini

Mtu akihukumiwa kufagia zahanati badala ya kwenda jela, neno la kwanza mtaani ni kwamba kesi imenunuliwa. Ilikuwa hivyo hata Mei 2018, msanii Elizabeth Michael, maarufu kwa jina la Lulu, alipotolewa gerezani amalizie nje kifungo chake cha miaka 2. Walisikika waliosema umaarufu ndio uliomtoa, ilhali Sheria ya Huduma kwa Jamii ya Tanzania, inayoruhusu adhabu hiyo, ilikuwapo tangu 2002.

Sheria hiyo inahusu makosa ambayo hakimu anaona kifungo chake hakistahili kuzidi miaka 3. Afisa wa probesheni huchunguza kwanza mwenendo na makazi ya mkosaji, kisha mkosaji mwenyewe lazima aridhie. Kazi haina ujira, na akiikwepa anarudishwa mahakamani, ambako anaweza kupelekwa jela.

Sasa twende Igalula, wilayani Uyui, mkoani Tabora, tuone kwa nini wanavijiji hawaiamini adhabu hii. Huku Unyamwezini watu si wageni wa adhabu isiyo na gereza. Gereza ndilo lililokuja baadaye, pamoja na Wajerumani na wafungwa wao wa minyororo. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, walipoibuka Tabora na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, silaha zao kubwa zilikuwa faini na kutengwa: aliyetengwa hasalimiwi, haazimwi jembe, msibani kwake haendi mtu. Sisemi turudi huko. Sungusungu hao hao walipiga watu na kuandama vikongwe kwa tuhuma za uchawi.

Lakini adhabu yao ilionekana. Kijiji kizima kilijua nani kakosa na analipa nini. Kifungo cha nje, kinyume chake, husomwa mahakamani mbele ya watu wachache, na mkulima aliyeibiwa magunia yake ya mahindi anamwona mwizi gulioni wiki inayofuata bila kuambiwa lolote. Hasira yake ina haki. Anachokosa ni taarifa na fidia, na vyote viwili havihitaji jela.

Kanuni ya Adhabu inamruhusu hakimu kuamuru fidia pamoja na adhabu nyingine. Kwa hiyo, ukiwa wewe ndiye uliyeibiwa, iombe kabla hukumu haijasomwa. Na wewe mwenyekiti wa kijiji, utangazie mkutano wako nani anafyeka nyasi za shule, kwa kosa gani, na hadi lini.