Pikapu kuukuu iliyofufuliwa: Mambo ya kuchunguza kabla ya kutoa pesa

MVUA za Oktoba hadi Desemba zinapofanya vyema, mkulima wa Tseikuru huuza ndengu, mbuzi wachache na pengine asali, kisha hujikuta na kitita cha pesa ambacho huenda asikione tena kwa miaka kadhaa. Swali linalomkabili ni lile lile: anunue nini kitakachomwondolea adha ya kukodi gari la mwenzake kila anapopeleka mazao sokoni?

Jibu la wengi huwa ni pikapu. Tseikuru iko kaskazini mwa Kyuso, upande wa kuelekea Mto Tana, na safari ya kwenda Mwingi, mji ulio kwenye barabara kuu ya Thika hadi Garissa, si ya gari dhaifu. Mito mingi ya huko ni ya mchanga mtupu wakati wa kiangazi na mafuriko wakati wa masika.

Pikapu mpya haishikiki kwa bei. Ndipo macho yanapovutwa na ile kuukuu iliyofufuliwa: rangi inang'aa, viti vimeshonwa upya, na injini inanguruma vizuri. Lakini wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mnunuzi asipojua anachokitazama, kitita cha msimu mzima kinaweza kuishia gereji.

Kwanza, magari haya yalitoka wapi? Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane. Kwa hiyo, pikapu ya zamani inayouzwa leo, kwa kawaida, ni ile iliyokuwa humu nchini tangu ujana wake.

Katika maeneo kame, majina mawili ndiyo yanayotajwa zaidi: Land Rover na Peugeot. Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka wa 1948. Peugeot 404 ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1960, nayo 504 ikafuata mwaka wa 1968.

Sifa ya Peugeot haikutokana na matangazo ya biashara. 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda mwaka wa 1975 na 1978. Wakenya waliona kwa macho yao gari likistahimili matope na vumbi la nchi yao wenyewe, na wengi wakaamini kwamba gari hilo lingestahimili pia gunia na mbuzi.

Sasa tugeukie uchunguzi. Anza na bodi, kwa maana hapo ndipo udanganyifu huwa rahisi. Fundi asiye mwaminifu huziba shimo la kutu kwa lipu laini, akapiga msasa na kupuliza rangi. Kutu huendelea kula chini kwa chini, na baada ya misimu miwili ya mvua shimo hurudi likiwa kubwa kuliko awali.

Dawa yake ni sumaku ndogo. Ipitishe taratibu kwenye milango, chini ya milango na juu ya magurudumu. Mahali ambapo hainati, jua kwamba chini ya rangi hakuna chuma cha kutosha.

Hata hivyo, mbinu hiyo haifai kwa Land Rover kuukuu. Sehemu kubwa ya bodi yake ni ya aluminiamu, madini yasiyovutwa na sumaku wala kushika kutu kama chuma. Adui wake amejificha kwingine: chasisi ni ya chuma. Lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo, ugonge chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya mfu.

Pili ni injini. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi mengi. Ikishawaka, tazama moshi. Wa buluu una maana kwamba oili inaungua pamoja na mafuta. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto huashiria kwamba maji yanaingia mahali yasipotakiwa, mara nyingi kwa sababu ya gasketi iliyoungua. Mweusi ni dalili ya mafuta kupita kiasi.

Chomoa pia kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Hapo huna haja ya kuendelea na mazungumzo ya bei.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Injini za zamani ziliundwa wakati petroli ilipokuwa ikitiwa risasi, madini ambayo, pamoja na madhara yake makubwa kwa afya ya binadamu, yalikuwa yakikinga vikalio vya valvu visilike. Kenya iliacha kuuza petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka wa 2006, na Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu jijini Nairobi, lilitangaza kwamba matumizi yake katika magari yamekwisha kote duniani.

Kwa hivyo, muulize muuzaji kama injini ilipofunguliwa vikalio vya valvu vilibadilishwa na kuwekwa vigumu. Aliyefufua gari kwa dhati atakujibu bila kusita, na pengine akuonyeshe risiti. Aliyepaka rangi tu atabadilisha mada.

Tatu, na pengine muhimu kuliko yote, ni karatasi. Mali bila daftari huisha bila habari. Linganisha nambari ya chasisi na ya injini na zile zilizoandikwa katika logibuku. Injini ikiwa ilibadilishwa, badiliko hilo linapaswa kuwa limesajiliwa.

Nambari ya usajili nayo husimulia historia. Mfululizo unaoanzia KAA uliingia mwaka wa 1989. Gari linalodaiwa kuwa la miaka ya 1970 lakini lenye nambari ya mfululizo huo linahitaji maelezo. Huenda lilikuwa la serikali kisha likauzwa kwa mnada na kusajiliwa upya, jambo ambalo ni halali. Huenda pia ni magari mawili yaliyounganishwa kuwa moja. Kwa ada ndogo, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) hutoa rekodi za umiliki, nawe utajua iwapo anayekuuzia ndiye mwenyewe.

Usikubali kuuziwa kwa kupewa logibuku mkononi na mkataba wa kalamu peke yake. Sheria ya Trafiki humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo, na hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Hilo linamlinda mnunuzi, lakini linamlinda muuzaji zaidi. Pikapu ikisababisha ajali ingali kwa jina lake, yeye ndiye atakayetafutwa kwanza.

Je, bei ya haki ni ipi? Hapa pana masoko mawili yasiyofanana. Nairobi wapo wapenzi wa magari ya kale, na tangu mwaka wa 2003 mbio za East African Safari Classic zimezidi kuyapa thamani. Hao hulipia uasilia: injini ile ile, dashibodi ile ile, hata vioo vile vile. Mkulima hulipia kazi: gari libebe karibu tani moja, breki zishike, na spea zipatikane bila kumaliza siku nzima kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga.

Ndiyo maana pikapu iliyotiwa injini ya Kijapani inaweza kuwa hasara kwa mkusanyaji na neema kwa mkulima. Muuzaji wa Tseikuru mwenye gari lililohifadhi kila kitu chake cha asili asikimbilie kuliuza kwa bei ya gari la kubebea mchanga. Naye mkulima asilipie sifa za mashindano ya miaka ya 1960 ilhali anachohitaji ni kufikisha magunia Mwingi.

Mwisho, nenda na fundi wako, wala si fundi wa muuzaji. Liendesheni gari hilo kwenye mlima na kwenye mchanga, likiwa na mzigo, kwa maana gari tupu kwenye barabara ya lami halisemi kweli. Mwenye gari zuri hatakataa.