Mwezi wa tisa unakaribia: nguo za watoto tununue wapi Lubumbashi?

Mwezi wa tisa hauko mbali. Tangu mwaka wa masomo 2019-2020, masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na wengi wetu tulipumua. Lakini masomo ya bure hayakuleta shati. Shati jeupe, sketi ya bluu, suruali ya bluu, bado vinatoka katika mfuko wa mama, pamoja na viatu na daftari. Mimi nasimama mbele ya darasa kila asubuhi, na naona mambo ambayo mzazi hayaoni: mtoto aliyefungwa kifungo kwa pini hainui mkono, hata akijua jibu. Anaogopa shati lisifunguke.

Ndiyo maana juma hili nataka tuongee juu ya mahali pa kununua nguo. Mji wetu umebadilika, na kila mara unapobadilika, kazi ya kuchunguza nguo inamwangukia zaidi mama mwenye franga kidogo. Zamani mwenye magazini alikuwa na jina na mlango; shati likichanika juma lile lile, ulijua pa kurudi. Leo aliyekuuzia pembeni mwa barabara kesho anaweza kuwa amehamia pengine, au amehamishwa.

Tukumbuke kidogo tulikotoka. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Wakoloni waliuchora kwa ubaguzi: upande mmoja mji wa wazungu na magazini zake, upande mwingine makao ya weusi, na katikati uwanja mtupu wa karibu mita 700. Wauzaji wa vitambaa walikuwa Wagiriki, Wareno, na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Bibi zetu mara nyingi walinunua kitambaa, wakampelekea mshonaji mwenye cherehani ya kukanyaga.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wananchi. Wengi waliozipata waliuza kilichokuwa juu ya rafu, kisha rafu zikabaki tupu. (Ni wakati ule ule mama zetu walipokatazwa kuvaa suruali. Leo binti yako anachagua jinzi mbele ya bibi yake na hakuna anayeshtuka.) Mwezi wa kumi mwaka 1991 wanajeshi wakapora mji, na wafanyabiashara wengi wakaondoka. Halafu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaacha kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari, wakapewa fungu la mwisho. Katika nyumba nyingi mama ndiye aliyebaki kutafuta chakula, na njia iliyokuwa wazi ilikuwa biashara ndogo: mkaa, unga, mboga, na nguo. Ndipo soko likatoka ndani ya soko likaja barabarani.

Leo ukitembea katikati ya mji, Chaussée Laurent-Désiré Kabila, Mama Yemo, Sendwe, unakuta magazini za Wahindi, Walebanoni na Wachina, na mbele ya milango yao wauzaji wetu wenye nguo begani. Kuna butiki ndogo za akina mama wanaosafiri wenyewe hadi Kariakoo, Dar es Salaam. Kuna Soko la Kenya, ambako mitumba imelundikwa juu ya mahema. Na sasa kuna soko la simu: picha zinapita WhatsApp, unalipa kwa M-Pesa au Airtel Money, kijana wa pikipiki anakuletea mlangoni. Sina ubaya na simu, ila nguo ya mtoto haichaguliwi kwa picha. Picha haikuonyeshi uzito wa kitambaa, wala namba iliyoandikwa kwenye kola haifanani toka kiwanda hadi kiwanda. Ukinunua hivyo, mwambie kijana asubiri mlangoni mtoto ajaribu, na ulipe akiwa bado amesimama pale.

Tuanze na balo, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakovalisha watoto. Balo la kawaida lina kilo 45. Nguo zimetolewa na watu wa Ulaya, Kanada au Marekani, zikachambuliwa kwa mikono, zikabanwa na kufungwa. Nyingi zinashuka Dar es Salaam, zinapanda lori hadi Tunduma, zinavuka Zambia yote, zinaingia kwetu Kasumbalesa, na kutoka hapo zimebaki kilometa kama 90. Kila kituo kina gharama yake. Malori yakipanga mstari mrefu mpakani, mama wa Soko la Kenya anajua kabla ya redio, na wewe utajua kwa bei.

Anayenunua balo haruhusiwi kulifungua kwanza. Analipa akiwa kipofu. Tuseme amelipa dola 180 na ndani amekuta vipande 200: kila kimoja kimemgharimu senti 90. Lakini vipande 40 vina madoa au vimechanika, basi vilivyobaki 160 vinabeba gharama ya vyote, zaidi ya dola moja kila kimoja. Vile 50 vizuri kabisa anavitenga asubuhi na kuuza dola 2, apate dola 100 haraka, zaidi ya nusu ya mtaji. Vinavyobaki vinashuka bei kadiri jua linavyopanda. Sasa unaelewa kwa nini saa moja asubuhi unamwambia, “Yaya, punguza, niko na batoto bane,” naye anacheka tu, ila saa tisa anakuita mwenyewe ukiwa umeshapita. Si ubaya wa moyo. Anahesabu.

Wanaokwenda asubuhi kuchukua chaguo la kwanza mara nyingi ni wenye butiki. Wanafua, wanapiga pasi, wanatundika mjini, na shati lile lile linapata bei nyingine. Mwenye nafasi ya kuamka mapema anaweza kujilipa mwenyewe tofauti hiyo. Mwenye kazi ya asubuhi, kama mimi, aende alasiri siku balo linapofunguliwa, achukue vya kati na sindano yake.

Mikono inaona kuliko macho. Inua nguo kwenye mwanga: kitambaa kilichochakaa kinaonyesha vijitundu vidogo makalioni, magotini na kwapani. Vuta mshono taratibu kwa vidole viwili. Uzi uliooza unalia. Fungua na kufunga zipu mara tatu, si mara moja. Geuza kola, kwa sababu kola ndiyo inayozeeka kwanza. Mpira wa kiuno uliokufa si sababu ya kuacha sketi nzuri, mpira mpya ni bei ndogo, lakini ni sababu ya kupunguziwa. Nguo za ndani usinunue za kutumika, hata zikiwa bei ya bure. Nguo nyingine zote zifuliwe kwa maji ya moto kabla hazijamgusa mtoto, zipigwe pasi pande zote mbili. Pasi ya makala inafaa sana, na itakusaidia pia kuua mayai ya yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, ambaye funza wake huingia chini ya ngozi ya mtoto.

Na nguo za baridi? Kila mwezi wa sita tunakimbilia sweta wakati baridi imeshatushika, na bei inajua kwamba tunatetemeka. Zitafuteni kwenye joto la mwezi wa kumi, wakati hakuna anayezigusa.

Tuje kwenye sare, iniforme, ambayo ndiyo inayoumiza kichwa sasa. Zilizoshonwa tayari kiwandani zinavutia: zimekunjwa kwenye nailoni, zinang'aa, na kwa mara ya kwanza bei ni nafuu kuliko ya mshonaji. Nimeziangalia nyingi darasani, na nina malalamiko mawili. La kwanza ni rangi. Bluu nyingine inatoka kwenye maji ya kwanza na kuchafua shati jeupe. Kabla ya kulipa, lowesha kona ya kitambaa cheupe (wengine wanatumia mate, na muuzaji hatasema kitu), sugua sketi kwa ndani. Ikiacha bluu, irudishe. La pili ni pindo. Kiwanda kinahesabu kitambaa kwa milimita, kwa hiyo pindo la chini ni jembamba kama kidole kimoja. Mtoto wa miaka 8 akirefuka, hakuna cha kushusha. Ile sare nafuu ni ya mwaka mmoja.

Mshonaji anaacha pindo la vidole vinne chini na nafasi ya vidole viwili kiunoni, kama umemwambia. Mwambie. Sketi hiyo inashuka mwaka wa pili, inaweza kushuka tena wa tatu, kisha inamfaa mdogo wake. Gawanya bei kwa miaka, si kwa siku ya kununua, utaona nani alikuwa nafuu. Kwa kitambaa, pamba iliyochanganywa na poliesta inavumilia kufuliwa kila juma na kukauka haraka wakati wa mvua. Pamba tupu ni baridi mwilini lakini inarudi, basi ifuliwe kabla ya kukatwa. Hujui umeuziwa nini? Chomoa uzi mmoja, uwashe mbali na watoto. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu. Poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu.

Na washonaji wako wapi? Tunao, tena karibu. Kila mwaka wasichana wanamaliza sekondari katika tawi la ukataji na ushonaji, Coupe et couture. Wamesoma kuchora patroni na kupima mwili. Halafu wanakaa nyumbani, au wanauza maji baridi barabarani, kwa sababu sisi mama zao tumeshanunua sare za nailoni mjini. Jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa. Binti mmoja aliyepita mikononi mwangu anashona vizuri kuliko magazini yoyote ya Mama Yemo, na msimu uliopita alipata oda mbili tu.

Likelemba tunazijua: kila juma tunachanga, mmoja anapokea. Kwa nini kikundi kisichange kwa ajili ya kitambaa? Akina mama 10 wenye watoto 3 kila mmoja wana sare 30 za kushona. Kwa kazi hiyo hamwendi kununua mita moja moja. Mnanunua rulo zima la bluu kwa bei ya jumla, na rulo la nyeupe, mnapasua pamoja, rangi ni moja kwa watoto wote. Ushonaji wapeni mabinti wawili au watatu wa kartie, nusu ya malipo mwanzoni ili wanunue uzi na vifungo, nusu siku ya kukabidhi. Msiwaombe bure kwa sababu ni watoto wa nyumbani. Binti naye ananunua unga kwa bei ya soko.

Kuna shule zinazotaka mzazi anunue sare kwao tu, kwa bei yao. Nasema kama mwalimu: bluu na nyeupe ni bluu na nyeupe. Ulizeni katika kikao cha wazazi, mkiwa wengi, kwa heshima, na kabla ya likizo kwisha. Mama mmoja akiuliza peke yake mlangoni anaonekana mgomvi. Nembo ya shule, ikiwa ni lazima, inaweza kununuliwa pekee na kushonwa mfukoni.

Neno dogo juu ya vikwembe, maana tarehe 8 Machi tulinunua wengi na nimesikia manung'uniko. Wax inayostahili jina hilo ina rangi yenye nguvu pande zote mbili. Ukigeuza ukakuta nyuma imefifia, ni chapa ya upande mmoja, hata kama pembeni imeandikwa Vlisco. Maandishi ya pembeni yanaigwa kwa urahisi. Hakuna aibu kuvaa ya kuiga, aibu ni ya anayekuuzia kwa bei ya Uholanzi.

Kwa vikundi vitakavyotaka kujaribu rulo la pamoja: fanyeni hesabu ya watoto sasa, mwezi wa saba usipite. Mpime kiuno, urefu kutoka kiunoni hadi chini ya goti, mabega, na mkono, mtoto akiwa amesimama wima bila kuvuta tumbo ndani, maana wanavuta. Andika jina, miaka na vipimo kwenye daftari moja la kikundi, na daftari likae kwa mama asiyesafiri.