Nyumba ikitangazwa mnada, hesabu siku

VIWANJA vya Kibaha na Kisarawe vimekuwa dhamana ya mikopo kwa wafugaji wa kuku, wenye maduka na watu wanaofanya kazi Dar es Salaam lakini wamejenga Pwani. Biashara ikienda vizuri, hati inalala benki na hakuna anayeikumbuka. Marejesho yakikwama, jina la mwenye nyumba hutokea kwenye tangazo la mnada gazetini, na wakati mwingine majirani hulisoma kabla mke wake hajajua kuwa nyumba iliwekwa rehani.

Haipaswi kufika hapo kimya kimya. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho ya mwaka 2008, inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa notisi ya maandishi inayoeleza anachodaiwa, na kumpa siku 60 tangu aipokee. Baada ya hapo ipo Sheria ya Madalali: ardhi haiuzwi kwa mnada mpaka tangazo litolewe kwa siku zisizopungua 14, katika mji mkuu wa wilaya na mahali pa mnada, likitaja jina la mwenye mali na anapoishi. Kwa hiyo nyumba ikiwa Maneromango, tangazo linapaswa kuonekana Kisarawe mjini na huko kwenyewe. Gazeti la Dar es Salaam peke yake halitoshi.

Wengi hupoteza nyumba ndani ya siku zile 60. Notisi inafika, baba anaificha chini ya godoro kwa aibu, siku zinakwenda. Andika tarehe uliyoipokea, kisha nenda benki ukaombe kupangiwa upya marejesho, au tafuta mnunuzi wako mwenyewe, maana anayeuza kwa hiari ana nafasi ya kubishana bei. Mpaka mali haijauzwa, mdaiwa ana haki ya kulipa deni na gharama na kurudishiwa hati yake.

Benki nayo haina ruhusa ya kutupa mali. Ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaihesabu kuwa imevunja wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo. Kinachobaki baada ya madeni na gharama ni cha mwenye nyumba. Dai hesabu kwa maandishi.

Kwa wanandoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Mwenye wasiwasi anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, ila afanye mapema. Maneno "Nyumba hii haiuzwi", tuliyozoea kuyaona ukutani, huwatisha matapeli tu. Dalali mwenye karatasi halali hayamhusu.

Mfanyabiashara anayefuatilia matangazo haya ili anunue naye ana kazi ya kufanya. Matangazo mengi hutaka robo ya bei papo hapo na salio ndani ya siku 14, hivyo uchunguzi hutangulia mnada. Chukua namba ya kiwanja, kitalu na hati, ukafanye upekuzi kwa Msajili uone mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Tangu serikali ilipoanzisha ofisi za ardhi za mikoa mwaka 2020, ya Pwani iko Kibaha.

Shida kubwa ni maeneo yasiyopimwa, ambako dhamana ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa au kijiji. Deni la namna hiyo halionekani kwenye daftari la Msajili. Muulize mtendaji, waulize majirani wa mipaka yote, kisha ingia ndani uone nani anaishi humo. Mpangaji atahama. Mjane mwenye watoto na kesi katika Baraza la Ardhi na Nyumba ni habari nyingine kabisa.