PAKA WAWILI, FASI MOJA



Kila mtu wa internati anawajua Bibi na Kapitula, paka wawili wa jikoni. Bibi ni mzee, alikuwa hapa mbele ya wengi kati yetu. Kapitula, yule mwenye miguu ya nyuma nyeusi sawa vile amevaa kapitula, aliletwa angali mdogo. Wote wawili wanapenda fasi moja tu: gunia lililokunjwa juu ya sanduku, karibu na ukuta wa jiko kubwa.

Mvua ilipoanza mwaka jana, na vita ikaanza. Kila usiku kelele, asubuhi manyoya chini. Mwishoni Bibi alifukuzwa, akaenda kulala juu ya plafo ya darasa. Basi ule upande wa depo aliokuwa akilinda, panya wakaingia, wakatoboa magunia mawili ya maharagi. Wakubwa wakasema: paka mmoja atolewe. Mama mpishi akaomba wangoje kidogo. Mwalimu wa biolojia akatutuma sisi watatu tuangalie na kuandika kila kitu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Juu ya nini fasi ile?

Paka anapenda joto kupita sisi. Mwili wake unapumzika kabisa, bila kutumia nguvu ya kujipasha moto, kati ya digrii 30 na 38. Joto hilo sisi linatutoa jasho! Huku kwetu milimani ya Kivu usiku ni baridi, na ukuta wa jiko unabaki na joto hata kisha moto kuzimika. Tena sanduku iko juu: paka anaona mlango na kila anayeingia. Na gunia lina harufu yake mwenyewe. Joto, urefu, harufu: fasi yenye vitu hivyo vitatu, paka haiachi bure.

2. Paka si mbwa

Wengi walisema: «Waache wapigane, mmoja atakuwa shefu, halafu itaisha.» Hapana. Mbwa aliyeshindwa anaonyesha kwa mwili wake: analala chini, anageuza tumbo, mwenzake anamwacha. Paka anatoka kwa paka wa pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda peke yake. Yeye hana alama ya kuomba amani sawa ile. Akishindwa anakimbia tu, na kesho vita inaanza upya.

Paka ndugu, ao mama na mtoto wake, wanaweza kulala pamoja na kulambana. Wengine hawahitaji urafiki huo. Wanagawana kwa saa: huyu asubuhi, yule jioni. Kwa hiyo kazi yetu haikuwa kuwalazimisha wapendane. Kazi yetu ilikuwa kufanya kila mmoja asiogope kukosa.

3. Vita isiyo na kelele

Tuliangalia jioni tano. Kumbe Kapitula hakumpiga Bibi kila siku. Alikuwa analala tu katikati ya mlango na kumkazia macho, bila kupepesa. Kwa paka hiyo ni vitisho. Masikio yakilala nyuma na mkia ukipiga huku na huku, makucha yako karibu.

4. Tulifanya nini

Kwanza, tuliwatenga. Mmoja alikaa depo, mwingine jikoni, mlango umefungwa, na kila siku tuliwabadilisha vyumba.

Pili, harufu. Paka iko na matezi ya harufu kwenye mashavu. Ndiyo maana anajisugua kwenye miguu yako. Tulipangusa mashavu ya mmoja na kitambaa, tukakiweka chini ya sahani ya mwenzake, na vile vile kwa huyu mwingine. Kila mmoja akajua harufu ya mwenzake pamoja na chakula.

Tatu, tuliwapa vichwa vya sambaza pande mbili za mlango ule uliofungwa. Siku ya kwanza sahani zilikuwa metre mbili mbali na mlango, kisha tukazisogeza polepole. Mwishoni tukafungua mlango kidogo. Mmoja akinguruma, tulirudi nyuma siku moja.

Nne, na hii ni kubwa kupita zote: tulitengeneza fasi ya pili inayolingana na ile ya kwanza. Sanduku yenye urefu uleule, ukuta uleule wa joto, na gunia la zamani tulilikata nusu kwa nusu. Katikati tukasimamisha ubao ili wasitazamane. Kisha tukaweka kartoni ya tatu, kwa sababu kanuni ni hii: hesabu ya paka, ongeza moja. Na kila sanduku ina njia mbili za kutokea.

5. Mwisho wake

Juma la tatu Bibi alishuka toka plafo. Hawalali pamoja hata leo. Bibi anachukua fasi ya zamani kisha chakula cha jioni. Alfajiri mama mpishi akiwasha moto, Bibi anatoka na Kapitula anaingia, bila neno. Panya hawajaisha, lakini toka siku ile hakuna gunia lingine lililotobolewa. Paka wote wawili wamebaki.

6. Angalisho

Usipige paka wala kumwagia maji: atafikiri mwenzake ndiye aliyemletea maumivu. Usitie mkono katikati ya paka wanaopigana. Tumia ubao ao kitunga. Mmoja wetu aliumwa kidole. Ukiumwa, osha papo hapo na sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, na uende kituo cha afya siku ileile, juu ya ugonjwa wa kichaa. Dalili zake zikionekana, mtu karibu kila mara anakufa. Tena paka mpole akigeuka mkali ghafula, pengine ni mgonjwa.

Tunawaomba jambo moja tu. Saa ya kungoja chakula, msichukue zile sanduku kuzifanya viti. Zina wenyewe.

Mwanafunzi wa internati, Biolojia-Kemia