Ligi ikisimama, gofu inaanza: Uwanja wa wikiendi uchaguliwe kwa hesabu, siyo kwa picha

LIGI ikisimama kupisha mechi za timu za taifa, shabiki wa kandanda hubaki na Jumamosi isiyo na kazi. Hakuna dabi, hakuna mkeka wa maana, kijiwe kimepoa. Wachezaji wengi ambao hawajaitwa timu za taifa huwa na jibu lao tayari kwa siku kama hizo. Wanabeba fimbo na kwenda kucheza gofu.

Aliyelitangaza jambo hilo dunia nzima ni Gareth Bale. Novemba 2019, Wales ilipoichapa Hungary na kufuzu Euro 2020, Bale alisherehekea na wenzake nyuma ya bendera iliyoandikwa kwamba kwanza ni Wales, ya pili ni gofu, Madrid ndiyo ya mwisho. Mashabiki wa Real Madrid, waliokuwa wakimlipia tiketi, hawakucheka. Lakini jamaa hakuwa anatania. Nyumbani kwake alikuwa ametengenezewa mfano wa mashimo matatu maarufu, mawili kutoka viwanja vya Augusta na Sawgrass vya Marekani, na moja kutoka Royal Troon kule Scotland.

Shabiki wa hapa hawezi kuihamishia Augusta uani kwake. Anachoweza ni kuungana na washikaji watatu, kuchanga na kusafiri Ijumaa kwenda kucheza mahali penye mlima, ziwa au bahari. Hapo ndipo wengi wanapopigwa chenga. Wanaangalia picha moja ya kuvutia kwenye simu, wanalipa, wanafika, na Jumapili wanarudi wamenuna. Ukijumlisha nauli, chumba, ada ya uwanja, chakula na posho ya mbeba mfuko, safari hiyo inakula pesa ambayo wengine wameiweka miezi kadhaa. Siyo ya kubahatisha.

Siri ya uwanja wenye mandhari ni nyepesi. Mandhari yana faida kwa yule anayepata nafasi ya kuinua kichwa. Mchezaji ambaye kila mkwaju wake unaishia vichakani anautumia mchana mzima akitazama chini. Sheria za gofu tangu 2019 zinampa dakika 3 tu za kuutafuta mpira uliopotea, wakati zamani zilikuwa 5. Akipoteza mipira kumi, hata Kilimanjaro ingekuwa mgongoni kwake asingeiona.

UREFU SIYO UZURI

Wapo wanaodhani uwanja mzuri lazima uwe mrefu na mgumu. Shimo namba 7 la Pebble Beach, California, ni kati ya yale yanayopigwa picha zaidi duniani. Liko kwenye ncha ya mwamba, mawimbi yanagonga chini yake. Urefu wake ni kama mita 97 tu. Uwanja wa soka wa kimataifa una mita 105, maana yake shimo hilo lingeingia ndani ya uwanja wa soka na nafasi ikabaki. Kinacholifanya liogopwe ni upepo wa baharini.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayepanga safari siyo uwanja una urefu gani, bali unamsamehe nani. Njia za nyasi ni pana au zimebanwa na miti? Kuna maji mangapi ya kuvuka? Je, kuna sehemu za kuanzia za mbele kwa wasio na nguvu? Viwanja vingi vina alama za rangi tofauti za kuanzia, na kuchagua zile za mbele siyo aibu. Ni sawa na timu ya mtaani kucheza saba kwa saba badala ya kujitia kumi na moja halafu dakika ya 30 watu wanashika viuno.

MLIMA HAUMNGOJI MTU

Kwa Tanzania, jina linalotajwa haraka ni Kili Golf, uwanja wa mashimo 18 ulioko upande wa Usa River, kati ya jiji la Arusha na Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Ulichorwa na David Jones wa Ireland Kaskazini, mchezaji wa kulipwa aliyetwaa Kenya Open mwaka 1989. Upande mmoja kuna Meru, upande mwingine Kilimanjaro.

Lakini mlima una ratiba yake. Wakazi wa Moshi na Arusha wanajua kwamba kilele cha Kilimanjaro huonekana vizuri alfajiri na asubuhi mapema, kisha mawingu yanapanda na kukifunika. Wakati mwingine hufunguka tena jioni, wakati mwingine hakifunguki kabisa. Kundi linaloondoka Dar es Salaam Jumamosi asubuhi kwa basi litafika mlima ukiwa umeshavaa shuka lake. Anayetaka kupata anachokilipia alale karibu Ijumaa, apige mkwaju wa kwanza saa 1 asubuhi.

Msimu nao uangaliwe. Masika ya Machi hadi Mei hufanya nyasi ziwe kijani kuliko wakati wowote, lakini mpira ukidondoka hausogei, na mlima unaweza kujificha siku tatu mfululizo. Januari na Februari ndiyo miezi ya kupata anga safi mara nyingi zaidi.

BAHARINI, UPEPO NDIYO BEKI

Anayependa bahari ana machaguo matatu yenye sura tofauti. Zanzibar kuna uwanja wa mashimo 9 wa hoteli ya Sea Cliff upande wa Mangapwani, kaskazini mwa Mji Mkongwe. Unafaa kwa mtu aliyesafiri na familia. Anacheza asubuhi saa mbili hivi, kisha mchana ni wa watoto na maji.

Mombasa kuna klabu ya gofu iliyoanzishwa mwaka 1911, nayo ina mashimo 9, ukingoni mwa bahari upande wa Mama Ngina Drive. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita mbele ya macho ya wachezaji. Anayetaka 18 anazunguka mara mbili. Hakuna ubaya, kwa sababu mzunguko wa pili upepo huwa umebadilika na uwanja unakuwa kama mwingine.

Mkubwa wa pwani ni Vipingo Ridge, Kaunti ya Kilifi, kaskazini mwa Mombasa. Uwanja wake wa mashimo 18, nao uliochorwa na David Jones, umekaa juu ya kilima kati ya mibuyu, bahari ikionekana kwa mbali. Hapo ndipo wanawake wa Ziara ya Ulaya walipocheza Kenya Ladies Open. Mjerumani Esther Henseleit alibeba kombe Desemba 2019, Mhindi Aditi Ashok akashinda 2023 na Shannon Tan wa Singapore akafuata 2024. Shabiki anayetaka kukanyaga mahali walipokanyaga mabingwa ataupata utamu huo hapo, kama anavyojisikia aliyewahi kupiga penalti kwenye goli la Uwanja wa Mkapa.

Pwani, upepo ndiye beki wa kati asiyechoka. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kusi ikishika zamu katikati ya mwaka, na mara nyingi nguvu yake huongezeka mchana. Asubuhi bado kumetulia. Ndiyo maana anayejifunza ajipangie asubuhi, mchana awaachie wazoefu.

KULE JUU MPIRA UNAPAA

Mashabiki wa soka wanaikumbuka Aprili 1, 2009, pale Argentina ya Diego Maradona, ikiwa na Lionel Messi ndani, ilipochapwa 6-1 na Bolivia mjini La Paz, zaidi ya mita 3,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi inakata pumzi na inafanya mpira uende kasi kuliko mchezaji alivyozoea.

Kwenye gofu sheria ni ileile, ila hapa inamfurahisha mgeni. Uwanja wa Great Rift Valley Lodge, juu ya Naivasha nchini Kenya, uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, Ziwa Naivasha likiwa chini na Mlima Longonot kwa mbele. Mtu wa Dar ambaye fimbo yake humpa mita 140 nyumbani anaweza kuupeleka mpira zaidi ya mita 150 kule bila kuongeza nguvu. Raha, lakini asipopunguza fimbo atakuwa anaurusha mpira ng'ambo ya bendera siku nzima.

Nanyuki kuna kiwanja cha mashimo 9 cha Mount Kenya Safari Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1959 na mwigizaji William Holden wa Marekani na wenzake. Mstari wa Ikweta unapita hapo. Mtu anapiga mpira akiwa nusu moja ya dunia na kwenda kuuokota nusu nyingine. Asubuhi kuna baridi kali, sweta isibaki nyumbani.

HESABU YA JUA NA MIGUU

Mzunguko wa mashimo 18 kwa watu wanne huchukua saa nne hadi nne na nusu. Huku kwetu karibu na Ikweta jua halina muda wa nyongeza, saa 12 na nusu jioni giza linaanza kuingia. Kundi linaloanza saa 8 mchana linajiweka pabaya, na mashimo ya mwisho, ambayo mara nyingi yanarudi kwenye klabu yakiwa na mandhari ya kufungia siku, watayacheza kwa kupapasa.

Kuna miguu pia. Mashimo 18 kwa kutembea ni kama kilomita 8 hadi 10, karibu na anachokimbia kiungo kwenye mechi ya dakika 90. Tofauti ni kwamba kiungo ana mazoezi kila siku, wakati mwanagofu wa wikiendi ametoka ofisini. Uwanja wa milima mikali bila kigari ni adhabu. Kwa anayeanza, mashimo 9 yanatosha kabisa, na nguvu ya kuangalia machweo inabaki.

Jambo linalosahaulika ni kijana wa mfuko, ambaye wanagofu humwita kedi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianzia kazi hiyo. Kedi anajua grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo na bendera, inalalia upande gani. Anajua upepo wa saa 4 unatoka wapi, na ni shimo lipi la kusimama dakika moja kwa ajili ya picha. Wikiendi ndiyo siku zake za mavuno. Uwanja wenye makedi wenyeji humpa mgeni mara mbili, mkwaju bora na simulizi. Malipo yake yaulizwe na kutengwa mapema, siyo kukatwa jioni baada ya bili ya vinywaji.

KIKOSI KWANZA

Uwanja unaweza kuwa pepo, lakini kikosi kikiwa kibovu safari imeharibika. Februari 2007 Liverpool waliweka kambi Vale do Lobo, kusini mwa Ureno, mahali penye uwanja wa gofu juu ya majabali ya bahari, kujiandaa na Barcelona. Usiku mmoja Craig Bellamy aligombana na John Arne Riise, kisha akamfuata na fimbo ya gofu na kumpiga miguuni. Siku chache baadaye, Camp Nou, Bellamy alisawazisha na kushangilia kwa kuigiza mkwaju wa gofu, Riise akafunga la pili na Liverpool ikashinda 2-1. Wao waliokolewa na mabao. Washikaji wanne waliogombana kwenye gari hawana Camp Nou ya kupatanishia.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mlima au bahari, watu wakubaliane. Wote wanacheza kwa kiwango gani? Nani anataka ushindani na nani anataka kutembea tu? Dau lipo au halipo? Kama mmoja ni mkali na watatu wanajifunza, uwanja uchaguliwe kwa ajili ya wale watatu. Mkali ataburudika popote.

Mwisho, simu ipigwe. Jumamosi nyingi klabu huwa na mashindano ya wanachama na mgeni anaweza kuambiwa asubiri hadi mchana. Hata Old Course ya St Andrews kule Scotland, inayoitwa nyumbani kwa gofu, kwa kawaida hufungwa Jumapili na wenyeji hupita wakitembeza mbwa. Mgeni aulize pia kama anahitaji cheti cha kiwango chake, gharama ya kukodi fimbo, na mavazi. Klabu nyingi zinataka shati lenye kola. Jezi ya Simba au Yanga, hata kama timu inaongoza ligi, ikae kwenye begi hadi saa ya chakula cha jioni. Huko ruksa kuivaa, na ubishi wa ligi uendelee ulipoishia.