Kpandroma: kuzungumza na wenye bunduki wakati askari wa nje wako nchini

Ndugu zetu wa shimoni, wamama wa soko, na ninyi wote mnaongojea mtu arudi kutoka Mongbwalu: kuko swali moja ambalo halitaki kulala. Je, inawezekana kuzungumza na milisia wakati jeshi la nchi ingine liko ndani ya nchi yetu? Ao mazungumzo ya namna ile ni kupoteza saa tu?

Tunaliweka swali hili Kpandroma kwa sababu Kpandroma inalijua kuliko miji mingi. Ni soko la juu kwenye baridi, katika sekta ya Walendu Pitsi, teritware ya Djugu, jirani na Rethy. Njia ya Mahagi na ya Uganda haiko mbali. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, hapa ndipo FNI ilikuwa na nguvu zake. Leo sekta hii hii ni ya kwanza kutajwa wakati watu wanasema CODECO. Na kwa nyakati zote mbili, askari wa Uganda walikuwa katika Ituri.

Jibu letu tunalitoa mapema, ili msomaji asichoke: ndiyo, inawezekana. Tumeliona kwa macho. Lakini kila mara karatasi ilipasuka mahali pale pale: hakuna aliyesema nani atalinda watu siku jeshi linapoondoka, na hakuna aliyesema nani atakusanya pesa kwenye shimo na kwenye bariyere.

«Kukaliwa» si neno la matusi

Kwanza tusafishe neno. Uganda iliingiza jeshi lake, UPDF, katika Kongo mwaka 1998. Mwaka 1999 jenerali wake James Kazini alifika mpaka kuunda jimbo, «Kibali-Ituri», na kumweka Bi Adèle Lotsove kuwa gavana. Jenerali wa nchi ingine anachagua gavana wetu! Jambo hilo halikusahauliwa. Tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 2005, Korti ya Kimataifa ya Haki, ile ya La Haye inayohukumu nchi na nchi, ilisema wazi kwamba Uganda ilikuwa imeikalia Ituri, na kwa hiyo ilikuwa na kazi ya kulinda watu na mali zao. Kazi hiyo haikuifanya.

Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022 korti ile ile ikataja bei: milioni 325 za dola. Milioni 225 kwa ajili ya watu waliokufa na walioumizwa, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa udongo na pori, dhahabu ikiwa ndani. Mchimbaji ashike hiyo namba ya mwisho. Ni kusema hata majaji wa mbali walikubali kwamba vita ya Ituri haikuwa ya makabila peke yake. Ilikuwa pia ya kilo na gramu.

Na leo? Tuseme ukweli wote. Leo UPDF haikuingia kwa nguvu. Tangu tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 2021 iko pamoja na FARDC katika operesheni Shujaa, kwanza juu ya ADF, kwa makubaliano na Kinshasa. Mwezi wa pili 2025 ikaingia Bunia, kisha Mahagi. Kwa sheria, huyo ni mgeni aliyealikwa, si mwenye kukalia. Lakini mzee aliyeona uniforme ile mwaka 1999 hasomi kwanza mkataba. Anakumbuka. Mwenye kutaka mazungumzo yaende vizuri asimcheke mzee huyo.

Bunia 2003: mwezi mmoja haukutimia

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 6 mwezi wa 3 mwaka 2003, UPDF pamoja na wapiganaji wa upande wa Walendu walifukuza UPC ya Thomas Lubanga kutoka Bunia. Siku 12 baadaye, tarehe 18, mapatano ya kusimamisha vita yakatiwa sahihi Bunia. UPC haikutia sahihi. Halafu, toka tarehe 4 mpaka 14 mwezi wa 4, Komisheni ya Kutuliza Ituri ikakaa. Wajumbe walikuwa 177. Walizungumza, na waliacha kitu: utawala wa muda wa Ituri, na bunge lake ambalo mwanamke, Bi Pétronille Vaweka, alichaguliwa kuliongoza.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba chini ya jeshi la nje watu hawawezi kuzungumza. Walizungumza, na kwa siku kumi na moja walikaa kwenye chumba kimoja watu ambao watoto wao walikuwa wanauana.

Shida ilikuwa nje ya chumba. UPDF ilikuwa inafunga mizigo. Tarehe 6 mwezi wa 5 askari wake wa mwisho walikuwa wanaondoka Bunia. Askari wa ONU waliokuwa hapo walikuwa kidogo sana, na kazi waliyopewa haikuwa ya kupigana. Vita ikaanza katika mji, nyumba kwa nyumba, na tarehe 12 UPC ikashika Bunia tena. Kutoka mwisho wa Komisheni mpaka hapo, hata mwezi mmoja haukutimia. Ilibidi Ulaya, Ufaransa ikiwa mbele, itume askari wa operesheni Artemis mwezi wa 6 ili mji upumue.

Fundisho la kwanza ndilo hilo. Jeshi la nje linaweza kuleta watu mezani, lakini likiwa ndilo mlinzi peke yake wa karatasi, karatasi inaondoka pamoja nalo kwenye lori.

Nguvu iko juu, dhahabu iko chini

Fundisho la pili linatuhusu sisi wa shimo zaidi. FNI ya Floribert Ndjabu ilishika Mongbwalu mwaka 2003. Kuanzia hapo mwenye kuteremka shimoni alimlipa mwenye bunduki, na mwenye kupitisha mzigo njiani alilipa pia. Hata kampuni kubwa ilijikuta ndani: mwaka 2005 AngloGold Ashanti yenyewe ilikubali kwamba watu wake walikuwa wameipa FNI dola 8.000, ikisema ilikuwa kwa kulazimishwa. Kama kampuni yenye mawakili na ndege ililazimishwa, kreseri mwenye nyundo na kitorchi angefanya nini?

Katika wakati ule ule mazungumzo yaliendelea. Mwezi wa 5 mwaka 2004, vikundi vya Ituri vilitia sahihi Kinshasa, vikaahidi kuweka silaha chini. Kisha wakubwa kadhaa wa milisia wakapewa nyota za jenerali katika FARDC. Vipi kuhusu shimo za Mongbwalu? Vipi kuhusu bariyere? Wakubwa walipata cheo, lakini kijana aliyebaki juu huku na bunduki alibaki na njia ile ile ya kula. Tarehe 25 mwezi wa 2 mwaka 2005, askari tisa wa ONU kutoka Bangladesh waliuawa Kafe, upande wa ziwa. Ndjabu akakamatwa Kinshasa. Mazungumzo yakaonekana kama yamekufa.

Lakini hayakufa. Mwezi wa 5 mwaka 2006, Peter Karim, mkubwa wa FNI ambaye ngome yake ilikuwa huku kwetu upande wa Kpandroma, alikamata askari saba wa ONU kutoka Nepal. Watu wengi walisema: huyu sasa ni bomu tu. Badala yake kulizungumzwa. Kufika mwezi wa 7 wale saba wote walikuwa wameachiliwa, na mwisho wa mwaka vikundi vilivyobaki, FNI, FRPI na MRC, vikatia sahihi na serikali. Karim akawa kolonel. Unaweza kuuliza, na ni haki kuuliza, kama inafaa mtu akamate watu kisha avalishwe cheo. Familia za waliokufa zimeuliza hivyo mpaka leo. Lakini usiseme kwamba mlango ulikuwa umefungwa.

Leo: wajumbe walioshikwa na wajumbe waliorudi porini

CODECO ilianza miaka ya 1970 kama kooperativi ya wakulima, jina lake lenyewe linasema maendeleo ya Kongo. Tangu mwisho wa 2017 ni jina la bunduki. Mkubwa wake Justin Ngudjolo aliuawa mwezi wa 3 mwaka 2020, na kundi likapasuka vipande. Hilo lenyewe ni tatizo la mazungumzo: ukipatana na mmoja, jirani yake anasema yeye hakuwako. Upande wa pili milisia Zaïre nayo ikasimama. Wataalamu wa ONU wameandika mara nyingi kwamba pande zote mbili zinakula kwenye dhahabu.

Rais Tshisekedi alijaribu njia ya ndugu kwa ndugu: alituma wakubwa wa zamani wa milisia, Ndjabu na Lubanga wakiwa ndani, waende kuwasemesha vijana. Mwezi wa 2 mwaka 2022 mauaji ya kambi ya Plaine Savo yalichukua watu zaidi ya 60. Siku chache baadaye CODECO ikawashika wajumbe wenyewe, na iliwachukua wiki nyingi kutoka. Mwaka 2025, Lubanga, ambaye alikuwa mjumbe wa amani, akatangaza kutoka Uganda kundi lake jipya, CRP. Mjumbe amegeuka kuwa mtu wa kutumiwa mjumbe.

Mwezi wa 6 mwaka 2023, mazungumzo ya Aru yalimalizika kwa ahadi ya kusimamisha vita. Hata wiki mbili hazikuisha, kambi ya wakimbizi ya Lala ikashambuliwa usiku, na watu zaidi ya 40 wakauawa. Mwezi wa 2 mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Djaiba, zaidi ya 50. Mwezi uliofuata UPDF na CODECO wakapigana Fataki. Jeshi la Uganda lilisema liliua wapiganaji 242. Tuamini namba ao tusiamini, jambo moja halibadiliki: Fataki si mbali na Kpandroma, na waliokufa wana wamama.

Maswali matatu kabla ya kupiga makofi

Kwa hiyo, kama kesho redio inatangaza mapatano mengine, sisi tunasema: tusikatae, lakini tuulize mambo matatu.

La kwanza: siku UPDF itarudi kwao, nani analala barabarani kutulinda? Kama jibu ni «tutaona», tukumbuke Bunia 2003. FARDC na polisi waliolipwa vizuri, wasiokula kwa raia, ni sehemu ya mapatano, si jambo la baadaye.

La pili: karatasi inasema nini juu ya karé, shimo na bariyere? Kila PDG anajua nani anachukua gramu zake, na kila mwenye pikipiki anajua bei ya jetoni. Hiyo si siri ya vita, ni hesabu ya kila siku. Mapatano yanayotaja cheo na msamaha bila kutaja shimo hata moja kwa jina yanaacha mshahara wa vita mahali pake. Kijana hawezi kuacha bunduki inayomlisha kwa ajili ya kambi ya kungojea. Kule Irumu, FRPI ilitia sahihi Gety tarehe 28 mwezi wa 2 mwaka 2020, na wapiganaji wake wakajifunza namna kungojea kunavyoua ahadi.

La tatu: waliofiwa wanakaa kiti gani? Mtu wa Savo, wa Lala, wa Djaiba, na pia mlendu wa kijiji kilichochomwa ambaye hajawahi kubeba silaha. Mazungumzo ya wenye bunduki peke yao yanafundisha watoto kwamba bunduki ndiyo tiketi ya mezani.

Sisi hatusemi haya kwa kukaa mbali. Mchimbaji ndiye anayelipa mara mbili: analipa kwenye bariyere, na analipa tena wakati vita inaanza na shimo linafungwa. Lakini ndiye pia anayejua ukweli ambao wajumbe wa Kinshasa, wa Kampala na wa ONU hawaujui: pesa inapita wapi, na inaishia kwa nani. Siku ukweli huo utaandikwa kwenye karatasi, mbele ya wazee wa pande zote, kijana wa Kpandroma ataweza kuteremka Mongbwalu na kurudi nyumbani na gramu zake bila kununua njia. Hapo ndipo tutajua kama mazungumzo yamefaulu. Mpaka siku hiyo, tuendelee kuuliza.