Viti vya Sebuleni Vitazame Wapi?

Mwezi uliopita nilisimama katika kiwanja changu kidogo huko Limuru nikimtazama fundi mwashi akipanga mawe ya ukuta wa sebule. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, na fundi alitaka kujua mahali pa kuacha nafasi ya meko na mahali pa kupitishia nyaya za umeme. Nilimkabidhi mchoro. Aliutazama kwa kitambo, akaukunja, kisha akaniuliza swali ambalo msanifu wa majengo hakuwa ameniuliza: "Mwalimu, watu wakiketi humu, viti vitazame wapi?"

Nilikosa jibu. Mchoro ulionyesha, kama ilivyo ada siku hizi, ukuta mmoja wa zege uliobeba kila kitu: meko chini, runinga juu yake, na rafu za kujengewa pande zote mbili. Viti vyote viliuelekea ukuta huo mithili ya madawati yaelekeayo ubao darasani. Ni sura nadhifu, na yeyote anayepitia picha za nyumba za kisasa ameiona mara nyingi. Hata hivyo, swali la fundi lilinikumbusha maneno ya mama yangu mzazi ambayo nilikuwa nikijitahidi kuyasahau.

Mama alitoka Lamu akaja kutukalia majuma matatu katika nyumba tuliyoikodi jijini Nairobi. Tulimpa kiti kizuri kuliko vyote, karibu na dirisha lenye jua, nyuma kidogo ya viti vingine. Kila jioni alisubiri mazungumzo. Mara mbili au tatu alijaribu kuanzisha hadithi. "Paukwa!" alisema, na binti yangu, ambaye yumo shule ya sekondari, akaitikia "Pakawa!" bila kugeuza shingo, macho yake yakiwa kwenye kioo cha runinga. Mama akanyamaza. Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi kituo cha basi. "Mwanangu," aliniambia, "nilikuja kuwaona nyuso, narudi nimeona visogo." Aliyasema hayo kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwahubiria kwamba lugha hurithishwa kwa mazungumzo baina ya wazee na watoto. Kumbe nyumbani mwangu mwenyewe nilikuwa nimevipanga viti kwa namna ambayo bibi na mjukuu hawangeweza kutazamana! Ndipo nilipoamua kulichukua swali la fundi kwa uzito uleule ninaoupa tasnifu ya mwanafunzi.

Tuanze na neno lenyewe. Wengi wetu leo hudhani kuwa meko ni kitu kingine mbali na jiko. Kihistoria, meko ni wingi wa jiko, kama vile meno yalivyo wingi wa jino: kiambishi ma- kilikutana na irabu i ya mzizi, na irabu hizo zikaungana kuwa e. Baadaye ukazuka wingi mwingine, majiko, na neno meko likabaki likitaja mahali pa moto. Mawe matatu ya kuinjikia chungu tunayaita mafiga. Nilipolitamka neno hilo kiwanjani, fundi wangu, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikuyu, alicheka akasema kwamba kwao jiwe ni ihiga, mawe ni mahiga, na jiko ni riiko. Waganda nao huyaita mawe ya jikoni amasiga, na neno lilo hilo, ssiga, ni jina la tawi la ukoo. Sisi Waswahili husema kijana aliyeoa amepata jiko. Yaani lugha zetu, kila moja kwa njia yake, zimeihesabu familia kwa moto wake.

Jambo hili halikuwa letu peke yetu. Katika Kilatini, meko yaliitwa focus. Mwaka 1604 mwanafalaki Johannes Kepler alilitumia neno hilo kutaja nukta ambapo miale ya mwanga hukutana, na tangu hapo lugha za Ulaya zikalipa maana ya kitovu cha macho na fikira. Wafaransa wanaposema foyer hukusudia meko, na pia hukusudia nyumba ya familia. Kwa hiyo anayechora sebule hachagui pambo la ukutani tu. Anaamua ni kitu gani kitakachokuwa kitovu cha macho ya watu wake kila jioni kwa miaka 30 au 40 ijayo.

Ni sadfa ya kupendeza kwamba Limuru ina historia ya moto na ya runinga pia. Mji huo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti baridi na ukungu huwarudisha watu majumbani mapema. Walowezi wa Kizungu waliolima sehemu hizo walijenga nyumba zenye meko na dohani za mawe. Tena mwaka 1962, televisheni ilipoanza nchini Kenya, mtambo wa kwanza wa kurushia matangazo uliwekwa katika nyumba ya shambani huko huko Limuru, na mawimbi yake yakafika umbali wa maili 15 hivi. Vitovu hivi viwili vya macho vimekuwa majirani tangu hapo. Kosa la mchoro wangu lilikuwa kuvibandika katika ukuta mmoja, kimoja juu ya kingine.

Ni kosa hata kwa hesabu ya mafundi. Joto hupanda, na vifaa vya elektroniki aghalabu hutengenezwa kwa ajili ya mazingira yasiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi. Hali kadhalika, macho ya mtu aliyeketi huwa mita moja na ushei kutoka sakafuni, ilhali runinga iliyopachikwa juu ya meko huanzia juu ya kimo hicho. Watazamaji hulazimika kuinua shingo kama watu wanaotafuta mwezi wa kuandama.

Zege nalo lina masharti yake, na ni vyema mwenye kujenga ayajue kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Zege la kawaida halipaswi kulambwa na moto. Ndani yake mna maji, na likipashwa joto ghafla maji hayo hugeuka mvuke na kulibambua. Joto likipita nyuzi 300 hivi, nguvu zake hupungua waziwazi. Kwa sababu hiyo, chumba cha moto hujengwa kwa matofali maalumu ya kuhimili moto, na zege likawa vazi la nje. Tena zege lataka subira. Limwagiliwe maji kwa siku saba za kwanza angalau, lingojewe siku 28 ambazo mafundi huzitumia kupima nguvu zake, kisha moto wa kwanza uwe mdogo.

Umbo lina uzito wake pia. Mwaka 1796 Benjamin Thompson, aliyejulikana zaidi kwa cheo cha Count Rumford, alieleza kwamba meko ya zama zake yaliupandisha joto jingi angani pamoja na moshi. Alipendekeza chumba cha moto kisiwe na kina kirefu, kuta zake za kando zitanuke kuelekea sebuleni ili ziwarudishie joto walioketi, na koo la dohani liwe jembamba. Ushauri huo ungali unafaa. Fauka ya hayo, dohani, neno ambalo asili yake ni jina la moshi katika Kiarabu, sharti ivute kweli, na chumba kiwe na upenyo wa kuingizia hewa safi. Twajua maafa yanayoletwa na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa baridi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na haitofautishi baina ya jiko la bati na meko ya zege yaliyogharimu fedha nyingi.

Basi runinga iende wapi? Jibu nililipata kwetu Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Katika nyumba za mawe za watu wenye uwezo, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa katika karne ya 18, mna ukuta wa vidaka, au zidaka kama tunavyotamka Waamu. Ni safu za vijumba vidogo vilivyofinyangwa kwa chokaa ukutani, ambamo waliwekwa vyombo vya kaure na vitu vingine vya thamani. Vyumba vyenyewe vilikuwa vyembamba, kwa kuwa upana wao ulitegemea urefu wa boriti za mikoko. Kwa hivyo wajenzi waliitafuta nafasi ndani ya ukuta badala ya kuijaza sakafu makabati. Kabati la kujengewa ukutani tunalolisifu leo lina babu yake pwani yetu.

Nimeuchora upya mpango wangu kwa hekima hiyo. Meko yatakaa peke yake katika ukuta wa mwisho, na viti vitayazunguka kwa umbo la kiatu cha farasi, ili kila anayeketi aone moto na aone nyuso. Runinga itakaa katika ukuta wa kando, ndani ya kidaka kikubwa chenye milango ya mbao, kwa kimo cha macho. Mabomba ya nyaya yatapitishwa kabla ya ukuta kupigwa lipu, na nyuma ya king'amuzi patakuwa na matundu ya hewa. Tunapotaka habari za saa moja, tutafungua milango na kugeuza viti viwili vitatu. Habari zikiisha, tutaifunga.

Sina ugomvi na runinga. Jina lake lenyewe, ambalo huhusishwa na marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, ni ushahidi kwamba Kiswahili kiliipokea kama mgeni wa heshima. Vipindi kama Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwafanya Wakenya wengi wa bara wakicheke na kukipenda Kiswahili. Lakini kusikiliza lugha na kuzungumzishwa ni mambo mawili. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, huko Seattle nchini Marekani, walichapisha utafiti juu ya watoto wa umri wa miezi tisa kutoka nyumba za wasemaji wa Kiingereza. Kundi moja lilichezeshwa na kusomewa vitabu na wasemaji wa Kimandarini kwa vipindi 12. Kundi jingine liliwaona na kuwasikia wasemaji hao katika kioo tu. Kundi la kwanza lilijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo ngeni. Kundi la pili halikujifunza.

Yamkini msomaji atasema kwamba runinga sasa imehamia viganjani, na kwamba mtoto mwenye simu hatageuzwa na kiti. Ni kweli kiti hakilazimishi mtu kusema. Hata hivyo, mtu aliyeketi mkabala na bibi yake huona anapotaka kusema jambo, na hilo ndilo jambo la kwanza katika mazungumzo yoyote. Mwingine atauliza mwalimu anayeishi katika chumba kimoja cha kukodi atayatoa wapi meko na dohani. Huyo hahitaji zege wala mwashi. Avigeuze viti alivyo navyo, hata kama ni viwili na ndoo iliyofudikizwa, avielekeze vitazamane.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Wapeni wanafunzi zoezi la kuchora ramani ya chumba wanamoketi jioni. Wakitaje kila kilichomo kwa jina lake la Kiswahili, wakiuliza wazee na mafundi pale kamusi inapowapungukia, kisha wachore mshale kutoka kila kiti kuonyesha anayeketi hapo hutazama wapi. Hatimaye waandike aya moja: ni nani katika chumba hicho ambaye hatazamwi na yeyote?

Nilipomwonyesha fundi mchoro mpya alihesabu viti, akaweka kidole kwenye kile kilicho karibu zaidi na moto, akauliza ni cha nani. Nilimwambia ni cha mama, atakuja Julai. "Basi meko tuyainue kidogo, Mwalimu," alisema. "Mtu mzima hainami." Tukauchukua utepe wa kupimia, tukaanza upya.